Mume wangu anataka mbwa mkali, baba mkwe hataki mbwa kabisa

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kange hapa Tanga. Tulihamia mwaka jana baada ya kumaliza nyumba. Majirani bado wachache, viwanja vingi ni pori, na ukuta wetu umeishia upande wa mbele tu. Nyuma tumepanda michongoma ambayo haijashikana. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anakwenda hadi Zambia na Kongo, anaweza kukaa nje wiki tatu. Nyumbani tunabaki mimi, watoto (mkubwa ana miaka 12, wa kati 7, mdogo miwili na nusu) na baba mkwe wangu, mzee wa swala tano.

Miezi miwili iliyopita wezi waliingia usiku wakabeba kuku wote na pampu ya maji. Juzi wamerudi tena, nikawasha taa na kupiga kelele wakakimbia. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Mume wangu anasema dawa ni mbwa mkali. Amepata mtu Dar kwenye simu anayeuza watoto wa rotiwaila, anasema ni mbegu safi, wana wiki tano, laki saba kila mmoja. Anataka nusu ya fedha kabla ya Ijumaa, halafu mbwa apakiwe kwenye basi. Madereva wenzake wamemwambia mbwa huyo afungiwe gizani mchana kutwa na kuchanganyiwa pilipili kwenye chakula ili awe mkali kweli. Mwanangu mkubwa anataka haski, yule mwenye macho ya buluu. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria jemani shepadi, kwa kuwa ndiye mbwa wa polisi na nasikia ana akili. Jirani yangu naye anasema nisihangaike, mbwa wa kizungu hawadumu Tanga, joto linawaua.

Baba mkwe amesema mbwa akiingia humu, yeye atarudi kwao Pangani. Hakusema kwa ukali, alisema kwa upole, na ndiyo maana inaniuma.

Daktari, nichukue mbwa gani? Ana tabia gani, anataka matunzo gani, na je, kuna namna ya kumfuga bila kumpoteza mzee wangu?

Mama wa Watatu, Kange

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa wizi, na pole zaidi wewe unayekesha peke yako na watoto.

Naanza na la haraka kwa sababu Ijumaa iko karibu: usitume fedha. Mtoto wa mbwa wa wiki tano hajawa tayari kutoka kwa mama yake. Anatakiwa akae naye mpaka angalau wiki ya nane, maana ni kwa mama na ndugu zake anapojifunza kuuma kwa kiasi, yaani kujua kwamba meno yanaumiza na mchezo una mpaka. Anayetolewa mapema mara nyingi hukua akiwa mwoga au mwenye kuuma ovyo, na hiyo ni kasoro ambayo baadaye ni shida kuiondoa. Halafu ana wiki tano na hajapata hata chanjo moja, unampakia kwenye basi kutoka Dar mpaka Tanga, anafika amechoka na ameishiwa maji, na hapo ndipo parvo inapomkuta. Parvo ni ugonjwa wa kuharisha damu na kutapika, na mtoto wa mbwa asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Rotiwaila ni mmoja wa mbwa wanaojulikana kuathirika nao vibaya zaidi kuliko wengine. Ukiongeza kwamba humjui muuzaji, hujamwona mama wa mbwa, na una picha tu, laki saba yenu iko hatarini hata kama mtu huyo ni mwaminifu.

Kanuni yangu kwa yeyote anayenunua mbwa wa mbegu ni moja: mwone mama yake kwa macho yako, akiwa pamoja na watoto wake. Ukifika akakubwekea kisha akatulia mwenye mbwa anapomwambia atulie, hiyo ni dalili njema. Akijificha uvunguni akitetemeka, au asipotulizika kabisa, ondoka, hata kama watoto wake ni wazuri kiasi gani.

Sasa huyo rotiwaila mwenyewe. Jina lake limetokana na mji wa Rottweil kusini mwa Ujerumani. Wachinjaji wa huko walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Ukijua hilo utaelewa tabia yake: ana nguvu za kusukuma ng'ombe, ana subira, hapaparuki, na hutazama kwanza kabla ya kutenda. Aliyelelewa vizuri ni mtulivu na mpenda watu wake. Lakini dume hufika kilo 50, na ana tabia ya kupima nani anaamua nyumbani. Anataka mtu mzima mmoja anayemfundisha kila siku tangu utotoni, kwa upole na msimamo. Kwenu mtu huyo ni nani? Mumeo ndiye anayemtaka, na mumeo yuko Tunduma au Lubumbashi. Wewe una mtoto wa miaka miwili na nusu mkononi. Siku mbwa wa kilo 50 atakapovuta kamba kumfuata mbuzi wa jirani, hutaweza kumzuia, na mwanao wa miaka 12 ndiyo kabisa. Sisemi kwamba rotiwaila ni mbwa mbaya, ila kwenu hakuna mtu wa kumlea.

Na hiyo pilipili na giza. Hapa naomba umsomee mumeo neno kwa neno. Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mkali. Inamuunguza mdomo na tumbo, anaharisha, anakonda. Kumfungia gizani mchana kutwa kunamfanya asiwajue watu, na mbwa asiyewajua watu humwogopa kila mtu. Mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma, na hachagui mwizi. Anamuuma mtoto anayekimbilia mpira, muuza samaki, na mwenye nyumba mwenyewe anayerudi usiku baada ya wiki tatu na harufu ya dizeli ambayo mbwa haikumbuki. Wiki kati ya ya tatu na ya kumi na nne hivi za maisha ya mbwa ndizo anazojifunza kipi ni cha kawaida duniani. Akizipitisha ndani ya banda lenye giza, dunia yote inakuwa adui yake. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mbwa ni kosa kama ilivyo kosa kumtesa punda. Lakini hata isingekuwapo sheria, mwanangu, mnyama huyu anaingia kwenu akiwa mdogo, hana mwingine wa kumtegemea ila ninyi. Msimfanyie hivyo.

Wazee walisema mbwa wa msasi (mwindaji) mkali ni mkali pia. Sehemu ya tabia ya mbwa inatoka kwenye damu yake, lakini sehemu kubwa inatoka kwa anayemlea.

Jemani shepadi wako nimemfikiria sana, maana ndiye anayeulizwa kuliko wote. Alianzishwa Ujerumani na ofisa wa jeshi, Max von Stephanitz, aliyeunda chama cha mbwa hawa mwaka 1899. Alitaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili, anayeweza kutembea siku nzima na kufanya kazi pamoja na binadamu. Akampata. Dume huwa na kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Hujifunza upesi, humshika bwana wake moyoni, na huona kila kitu kinachopita. Ndiyo sababu polisi na majeshi duniani humtumia. Lakini watu husikia neno akili wakadhani maana yake ni kwamba hana kazi ya kulelewa. Ni kinyume chake. Mbwa huyu akikosa kazi anajitafutia: anachimba, anatafuna viatu na mabomba, anabweka mchana kutwa, anazunguka uzio mpaka anachora njia. Anahitaji saa moja au zaidi ya kutembezwa na kufundishwa kila siku, masika na kiangazi.

Jirani yako amesema ukweli nusu. Jemani shepadi wanaishi Tanga, nawatibu Raskazone na Chumbageni, na wapo waliozeeka. Joto ni shida kwao, lakini shida kubwa zaidi ni kupe. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia anaipenda sana hali yetu ya hewa, anajificha kwenye nyufa za ukuta na banda, na anabeba homa inayoshambulia chembe za damu. Mbwa wengi huugua homa hiyo wakapona kwa matibabu, lakini jemani shepadi ni katika mbegu zinazoumia nayo sana. Mfugaji ataona mbwa haendi kwenye bakuli, amelala tu, fizi zimekuwa nyeupe, mara nyingine damu inatoka puani. Akiletwa mapema tunampa vidonge vya doksisaiklini kwa takriban wiki nne na mara nyingi anaamka. Akicheleweshwa, ugonjwa unaingia kwenye uboho na hapo huwa vigumu. Watu wakimwona mbwa amelala wanasema ni joto, wanammwagia maji, siku zinapita. Hivyo ndivyo jina baya la joto la Tanga linavyokuzwa.

Joto lenyewe tusilidharau lakini. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje, maji yakikauka mdomoni ndiyo yanapunguza moto. Hewa ya pwani miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, imejaa unyevu, kwa hiyo maji hayakauki upesi na kuhema kunasaidia kidogo tu. Mwenye manyoya ya tabaka mbili kama jemani shepadi anapata taabu zaidi, na usimnyoe ukidhani unamsaidia, maana manyoya hayo pia yanazuia jua kufika kwenye ngozi. Mtembeze baada ya alfajiri au magharibi, basi.

Haski nitamjibu mwanao kwa kifupi. Mwanangu, huyo ni mbwa wa Siberia, wa kuvuta sleji kwenye theluji, na manyoya yake ni ya baridi kali. Ana moyo wa kukimbia umbali mrefu, atatoroka kila siku, na kwa mwizi atatikisa mkia. Kumleta Kange ni kumtesa.

Dobamani ni mbwa wa Louis Dobermann, mkusanya kodi wa mji wa Apolda, Ujerumani, aliyetaka mbwa wa kumlinda njiani. Ana manyoya mafupi, joto analivumilia kuliko shepadi, lakini ni mwepesi wa mishipa na hataki kuachwa peke yake nje. Boabuli wa Afrika Kusini ni mlinzi wa mashamba, mzito kuliko rotiwaila, na yote niliyosema juu ya rotiwaila kwake yazidishe. Labradori ni rafiki wa watoto na mlafi asiyeshiba. Akinyimwa mazoezi ananenepa mpaka magoti yanamuuma, na kwa ulinzi msimtegemee.

Kuna mmoja ambaye kwa hali ya hewa yetu namheshimu: rijibeki, yule mwenye mstari wa nywele mgongoni zinazoota kuelekea kichwani. Asili yake ni kusini mwa Afrika, alichanganywa kati ya mbwa wa Wakhoikhoi na mbwa wa walowezi, na sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Manyoya mafupi, miguu mirefu, anavumilia jua, habweki bila sababu. Ila naye ni mbwa mkubwa mwenye kichwa kigumu, anahitaji uwanja uliozungushiwa uzio kamili, na michongoma yenu haijashikana.

Baada ya hao wote, ushauri wangu ni huu: tafuta jike la kienyeji, au chotara, kutoka kwenye nyumba unayoijua. Pongwe, Muheza, hata hapo hapo Kange, uliza. Najua mumeo atasikia vibaya, maana watu wetu huwaita mbwa koko, kana kwamba hawana asili. Asili wanayo, na ni ya kale kuliko mbwa wengi wenye vyeti. Wamekaa na watu wa bara hili maelfu ya miaka, na wale waliokuwa dhaifu kwa jua, kwa chakula kidogo na kwa wadudu hawakuacha watoto. Kilichobaki ni mbwa wa kilo 15 hadi 20 hivi, manyoya mafupi, mwili mkavu, asiye na matatizo ya nyonga yanayowapata mbwa wazito, na mwenye masikio yanayosikia mguu ukikanyaga jani kavu saa tisa ya usiku. Hilo ndilo mnalohitaji. Mwizi wa kuku hakuja kupigana. Anataka kuingia na kutoka bila kujulikana, na mbwa anayebweka anamharibia kazi kabla hajagusa uzio. Wezi wako walikimbia kwa taa na sauti yako tu.

Nasema jike kwa sababu mara nyingi hatangitangi kama dume na hukaa karibu na nyumba. Mhasi akifika umri ambao daktari wako atakuambia, kwa kawaida kuanzia miezi sita, ili usije kupata foleni ya madume getini na watoto wanane usio na pa kuwapeleka. Hapa pwani watoto wa mbwa wasiotakiwa hutupwa majalalani, na wanaobaki hai ndio wale wanaozurura na mwisho kuuawa kwenye misako. Ukimhasi mmoja umeyazuia mengi.

Usidhani lakini kwamba mbwa wa kienyeji hahitaji matunzo. Hili ndilo kosa linalowaua wengi. Parvo inamuua, kichaa kinamuua, minyoo inamdumaza kama mbwa mwingine yeyote. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya parvo, distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) na magonjwa mengine, ianze akiwa na wiki sita hadi nane, irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Nyingi za chanjo hizo huwa na kinga ya leptospirosi, ugonjwa wa mkojo wa panya ambao mwaka 2022 ulisikika sana kule Lindi kwa jina la homa ya mgunda. Mbwa anaweza kuupata na kuufikisha kwa watu. Chanjo ya kichaa apewe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mara nyingi idara ya mifugo huchanja kichaa bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Muulize afisa mifugo wa kata yenu, na kadi ya chanjo itunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Kwa mdogo wako wa miaka miwili na nusu, suala la minyoo ni zito kuliko unavyodhani. Udongo wa Tanga ni wa kichanga, watoto wanacheza pekupeku, na minyoo ya safura ya mbwa hutoboa ngozi ya mguu ikatambaa chini yake kwa mistari inayowasha usiku kucha. Mpe mbwa dawa ya minyoo kila wiki mbili akiwa mchanga mpaka miezi mitatu, baadaye kila miezi mitatu, na kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali.

Kupe watafutwe kwa mkono kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukosi. Dawa ya kuogesha au ya matone chukua kwa daktari kwa uzito wa mbwa wako, usikisie ile ya ng'ombe. Na kama mna paka, tahadhari sana, dawa nyingi za mbwa zina permetrini, sumu ya kuua wadudu, na permetrini inamuua paka hata akimlamba mbwa aliyepakwa. Banda lipakwe plasta ndani, nyufa zizibwe.

Chakula cha mbwa wa saizi hiyo hakitakufilisi. Ugali uliolainishwa kwa supu ya vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kuondolewa miiba, dagaa, utumbo uliopikwa, mabaki ya wali. Mara mbili kwa siku. Vitunguu na chokoleti usimpe, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kamwe, inapasuka kama vijiti vya mianzi na kutoboa utumbo. Na jambo moja ambalo nalia nalo kila msimu wa mvua: unga wa dona ulioota ukungu, ambao watu hawaupiki wenyewe, huwapa mbwa. Sumu ya ukungu ule, sumukuvu, huharibu ini la mbwa, anageuka macho ya manjano na kufa. Unga usiofaa kwa mtu haumfai mbwa.

Nije kwa baba mkwe. Mimi ni daktari wa mifugo, si mwanachuoni, na fatwa siwezi kukupa. Lakini nimefanya kazi pwani muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mzee wako hana chuki na mnyama. Analinda swala yake. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa madhehebu hayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee akiguswa na pua ya mbwa akiwa njiani kwenda swala ya alfajiri, anarudi kuosha palipoguswa na swala ya jamaa inampita. Hilo si dogo. Upande mwingine, naye anajua kuliko mimi kwamba Kurani, Sura ya Al-Maida aya ya 4, imehalalisha windo la mbwa waliofundishwa, na kwamba hadithi inayokataza kufuga mbwa imewatoa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wanazuoni wengi wamewaingiza humo walinzi wa nyumba.

Kwa hiyo usimfikishie uamuzi. Mwendee kabla ya mbwa kuja, mumeo akiwepo au akiwa kwenye simu, mumuulize: baba, tumeibiwa mara moja, wamerudi mara ya pili, mwanao hayupo, tufanyeje? Mwombe amuulize sheikhe wake. Mwombe pia, kama akiridhia, achague yeye mahali pa banda. Nimeona nyumba Ngamiani na Mwambani ambamo jambo hili limekwenda salama, na zote zilifanana kwa utaratibu: mbwa ana uwanja wake wa nyuma uliotengwa kwa wavu na geti dogo, hakanyagi barazani wala palipoanikwa nguo, bakuli na ndoo yake ni vyake peke yake, na njia ya mzee kutoka mlangoni hadi msikitini haipiti kwake hata kidogo. Anafunguliwa kuzunguka kiwanja baada ya watu kurudi isha na kufungiwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kijana wa miaka 12 anaweza kupewa kazi hiyo, na nguo za kazi hiyo ziwe mbali na nyingine. Mzee akikataa baada ya yote hayo, basi msimlete mbwa. Mlinzi wa mnyororo hana thamani ya kumfanya baba aondoke nyumbani kwa mwanawe.

Nimetaja mnyororo: usimfunge mchana kutwa. Huo wavu wa nyuma ni bora mara mia, mbwa awe na kivuli, maji safi na nafasi ya kutembea. Mbwa wa mnyororo huwa na hasira ileile ya mbwa wa gizani.

Watoto wafundishwe kabla ya mbwa kufika. Hakuna kumsogelea akila, akilala au akinyonyesha. Mdogo asiachwe naye peke yake hata dakika moja, hata mbwa awe mpole namna gani. Ikitokea mtoto ameumwa au kuchubuliwa na mbwa yeyote, wenu au wa njiani, kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msipake pilipili, msipake mafuta ya taa, msiweke jiwe. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Mbwa aliyeuma, kama yuko hai na anajulikana, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi, na afisa mifugo aarifiwe.

Mumeo naye ana sehemu yake. Kila akirudi safari, alishe mbwa kwa mkono wake siku ya kwanza, ili harufu yake isisahaulike. Na kabla hajaondoka safari ijayo, ajenge kizimba cha nondo juu ya hiyo pampu mpya, aweke taa ya sola upande wa michongoma, na aifunge ile sehemu ya nyuma hata kwa seng'enge. Mbwa atawaamsha, lakini pampu iliyo wazi mtu anaibeba kabla hujavaa kanga.

Ukishampata huyo jike, mlete kwenye kituo cha mifugo siku hiyohiyo au kesho yake kabla hajazoea nyumba, tumpime, tumpe dawa ya minyoo, na tukupangie tarehe za chanjo kwa maandishi.